ISBN ni ya mchapishaji, barkodi ni picha yake tu

Waandishi wanaojichapishia wana ombi moja ambalo halinipiti wiki bila kulisikia: "Kaka, ukimaliza jalada niwekee na ISBN humohumo." Jalada nitalipanga upendavyo, ndiyo kazi yangu, lakini ISBN ni namba ya kimataifa ya kutambulisha kitabu, siwezi kuibuni. Namba hutolewa, na anayepewa ni mchapishaji. Si mwandishi kwa uandishi wake, wala si mwenye mashine za kuchapa. Ukijilipia uchapishaji mwenyewe, basi mchapishaji ni wewe, na ombi unalipeleka kwa jina lako au la kampuni yako.

Kwa Tanzania, ombi linakwenda Bodi ya Huduma za Maktaba, Dar es Salaam. Kenya ni KNLS, yaani Huduma ya Maktaba ya Taifa, Uganda ni Maktaba ya Taifa. Lipeleke mara tu mhariri anapomaliza mswada. Namba inakaa mahali pawili, ukurasa wa hakimiliki na jalada la nyuma, na ikichelewa hadi pleti (mabamba ya kuchapia) zimeshatengenezwa, gharama ya pleti mpya ni yako.

Sasa tuifungue namba yenyewe. Chukua hii ya mfano: 978-9987-456-78-9. Hiyo 978 inasema hiki ni kitabu. 9987 ni Tanzania. Utakutana pia na 9976, na 9966 kwa vitabu vya Kenya. 456 ni mchapishaji, 78 ni kitabu chenyewe, na 9 ya mwisho ni ya ukaguzi.

Hapo katikati ndipo panaponifurahisha. Jumla ya tarakimu ni 13. Ondoa 978, ondoa nne za nchi na moja ya ukaguzi, zinabaki tano ambazo mchapishaji na vitabu vyake wanagawana. Kampuni kubwa hupewa utambulisho wa tarakimu mbili, kwa hiyo inabakiwa na tatu za vitabu: namba 1,000. Ya kati hupewa tatu, inabakiwa na namba 100. Mdogo hupewa nne, inabaki moja tu, yaani vitabu kumi basi. Ndiyo maana nikigeuza kitabu dukani na kusoma vile vistari, najua aliyekitoa alitarajia kutoa vingapi, hata kama jina lake sijawahi kulisikia. Vistari si urembo. Mbunifu wa jalada asivisogeze apendavyo.

Tarakimu ya mwisho unaweza kuikagua kwa kalamu. Zidisha zile 12 za mwanzo kwa 1, 3, 1, 3, hivyo hivyo hadi mwisho, kisha jumlisha. Kwa mfano wetu inakuja 171. Kufika 180, kumi kamili inayofuata, zinapungua 9, na 9 ndiyo iliyokaa mwishoni. Ukikosea tarakimu moja tu popote, hesabu inagoma. Ukibadilishana mbili zilizo jirani nayo hugoma karibu mara zote, isipokuwa pale zinapotofautiana kwa 5, kama 2 na 7. Kwa hiyo "namba" zinazobuniwa vichochoroni mara nyingi zinakamatwa kwa dakika moja.

Jalada laini lina namba yake, jalada gumu lina yake, na EPUB, kitabu cha kielektroniki, ina yake. Toleo jipya lililobadilishwa maandishi linapata mpya. Ukirudia kuchapa kilekile, au ukipandisha bei, namba haibadiliki. Hapo wenye namba kumi wanapaswa kupiga hesabu: riwaya moja ya maumbo matatu imeshakula tatu. Na ISBN haikupi hakimiliki. Hayo ni mambo ya COSOTA, ofisi ya hakimiliki, au KECOBO kwa Wakenya. Majarida yana ISSN, huo ni mlango mwingine.

Kuna wanaokubali "msaada" wa namba kutoka kwa kiwanda au kampuni ya rafiki. Siushauri. Kumbukumbu zote zitamtaja yeye kuwa mchapishaji, na duka likitafuta nakala zaidi litampigia yeye. Ni vivyo hivyo kwa namba ya bure ya KDP, huduma ya Amazon ya kujichapishia: inatumika hukohuko kwao tu, na siku hizi huanza na 979-8, ambalo ni fungu la Marekani. Ukiuza Amazon peke yake, ichukue bila wasiwasi. Ukitaka kuchapa nakala Dar na kuzisambaza madukani, tafuta yako.

Tuje kwenye barkodi, ile mistari inayosomwa na mashine ya dukani. Ni namba ileile bila vistari, imechorwa kwa mfumo wa EAN-13, ule wa barkodi za tarakimu 13. Hakuna usajili wa pili. Watu huelekezwa GS1, shirika linalotoa namba za bidhaa, wakalipie namba ya bidhaa inayoanza na 620. Hiyo ni ya unga na sabuni, hata daftari na kalenda, lakini kitabu chenye ISBN hakiihitaji. Barkodi ya kitabu, programu ya CorelDRAW inaichora, na Inkscape inaichora bure.

Vinavyoharibu ni vitu vidogo. Ukubwa kamili ni milimita 37.29 kwa 25.93; unaweza kuupunguza hadi asilimia 80, usishuke hapo. Acha weupe pembeni, kama milimita 3.6 kushoto na 2.3 kulia, maana mashine isipouona haijui mistari inaanzia wapi. Mistari iwe nyeusi, wino mweusi peke yake. Ukichanganya rangi nne, pleti zikihama kidogo mistari inavimba. Nyekundu ndiyo balaa, kwa sababu mashine nyingi za dukani humulika mwanga mwekundu, hivyo mistari hiyo kwao ni sawa na karatasi tupu. Halafu iwe faili la vekta, mchoro unaokuzwa bila kupoteza ukali. Picha iliyopitia WhatsApp imeshabanwa, kingo zake zina ukungu.

Kiwanda kikileta pruf (nakala ya majaribio) ya jalada, skani barkodi yake kwa simu, kisha linganisha tarakimu zinazotokea na zile za ukurasa wa hakimiliki, moja baada ya nyingine. Zikitofautiana hata moja, usisaini.