Hema ni nini?

Hema ni makazi ya kubebeka: kitambaa au ngozi iliyowambwa juu ya nguzo, ikakazwa kwa kamba zilizofungwa kwenye vigingi. Kibanda cha makuti si hema hata kikikaa wiki moja tu, maana mwenyewe akihama hukiacha. Hema hukunjwa likaenda naye.

Nguzo peke yake hazilisimamishi. Nguzo husukuma kitambaa juu, kamba hukivuta chini na pembeni, na uimara wote umo katika kuvutana huko. Kamba moja ikilegea, upande mzima hupepea. Upepo ukishaingia chini, vigingi hung'oka kimoja baada ya kingine. Wanaofunga maturubai ya harusi na misiba mitaani kwetu wanalijua hilo: pasipoingia kigingi, kamba hufungwa kwenye mti, geti, hata tairi la gari.

Kwa ufundi, mimi nalipa nafasi ya kwanza hema jeusi la Mabedui, wafugaji wanaohamahama jangwani Arabuni. Wanawake husokota manyoya ya mbuzi, wakafuma vitambaa virefu vyembamba na kuvishona ubavu kwa ubavu. Jua likiwaka, vitundu vya kitambaa hicho hupitisha hewa. Mvua ikinyesha, nyuzi huvimba na kuviziba. Kipande kikichakaa hufumuliwa kikashonwa kingine, hema likaendelea na safari.

Wamongolia, kwa baridi yao, walichagua njia nyingine. Ger, yaani hema lao la duara, ina ukuta wa fito zilizopishanishwa kama wavu, unaokunjika, kisha huvikwa sufu nzito iliyoshindiliwa. Jeshi la Roma nalo lililala kwenye mahema ya ngozi, kwa kawaida askari 8 kwa hema.

Yapo pia mahema yasiyohama. Mwaka 1997 moto uliteketeza mahema ya mahujaji huko Mina, karibu na Makka, ukaua watu zaidi ya 300. Baadaye Saudi Arabia ilijenga mengine ya kudumu, ya nyuzi za kioo zilizopakwa tefloni, yasiyoshika moto kwa urahisi.

Kwa wakimbizi mambo ni kinyume. Hema la familia linalogawiwa kambini hutengenezwa kwa matumizi ya mwaka mmoja hivi, ilhali kambi ya Kakuma, Kenya, ipo tangu 1992 na ya Nyarugusu, Tanzania, tangu 1996. Kitambaa huoza juani, watu wakafyatua matofali ya kujengea nyumba.