Je, wajua kwa nini wa mwisho kupokea mchezo ndiye anayelia bei zikipaa?

Chukua akina mama kumi wa soko la Mbuyuni, Moshi, wanaocheza mchezo. Kila wiki kila mmoja anatoa shilingi 10,000, na mmoja wao anaondoka na laki. Bei zikitulia, anayepokea mwisho hana wasiwasi, maana laki ya wiki ya kumi inanunua karibu kilekile ilichonunua laki ya kwanza.

Sasa tuseme bei zinapanda maradufu kila wiki. Mama wa kwanza kala laki yake nzima. Wa kumi anahesabiwa noti zilezile, ila zinanunua vitu ambavyo wiki ya kwanza vilikuwa vya shilingi 195. Wenzake wamemlipa kwa uaminifu, hata senti haikupungua, na bado kapoteza.

Ujerumani ilikuwa mbaya kuliko hapo. Oktoba 1923 bei zilipanda maradufu ndani ya siku 4. Hungaria, Julai 1946, ilichukua saa 15 hivi.

Ujerumani ilifikaje huko? Ujerumani ilipigana Vita Kuu ya Kwanza kwa kukopa zaidi kuliko kutoza kodi, ikitumaini kuwalipisha watakaoshindwa. Ikashindwa yenyewe, ikadaiwa fidia. Januari 1923 Ufaransa na Ubelgiji, zikidai fidia hiyo, zikaingiza majeshi Ruhr, eneo la Ujerumani lenye makaa ya mawe na viwanda vya chuma. Wafanyakazi wakagoma, serikali ikawalipa kwa noti mpya: pesa zinazidi, bidhaa zinapungua. Kinachonitisha zaidi ni kodi. Kodi iliyokadiriwa leo ikilipwa baada ya wiki mbili haina thamani tena, hivyo serikali inachapisha noti zaidi kuziba pengo, bei zinapaa tena, na kodi inayofuata inafika ikiwa hafifu zaidi.

Mishahara ikawa inalipwa kila siku, wengine mara mbili kwa siku, ili watu wawahi dukani. Wakulima wakazikataa noti, watu wa mjini wakabeba nguo na vyombo kwenda kubadilishana na viazi. Aliyenunua shamba kwa mkopo alimaliza deni kwa hela isiyonunua yai. Wastaafu, wajane wenye akiba benki na walioikopesha serikali wakati wa vita walibaki mikono mitupu. Dola moja, iliyokuwa mark (hela ya Ujerumani) 4.2 kabla ya vita, Novemba 1923 ilifika mark trilioni 4.2. Ndipo ikaletwa hela mpya, Rentenmark, moja kwa trilioni 1 ya zile za zamani.

Wazee wa Moshi waliovuka mpaka kufuata sabuni Taveta, Kenya, miaka ya baada ya Vita vya Kagera waliishi na mfumuko wa asilimia 30 hivi kwa mwaka. Uliwatesa kweli, lakini bei zao zilichukua miaka kupanda maradufu.

Kabla ya Rentenmark, baadhi ya Wajerumani walishaanza kuandika mikopo kwa nafaka: deni linatajwa kwa uzito, linalipwa kwa bei ya siku hiyo. Akina mama wa huku nao wana mchezo wa vyombo. Kila mmoja anachangia kulingana na bei ya wiki hiyo, na sufuria ya wa kumi inapika ubwabwa uleule unaopikwa na ya wa kwanza.