Express Entry ya Kanada: pointi 67 zinakufikisha wapi?

Ukaazi wa kudumu ni ruhusa ya kuishi na kufanya kazi katika nchi isiyo yako bila kufungwa na mwajiri mmoja wala kuhesabu siku za viza. Mkaazi wa kudumu wa Kanada anaweza kuhama mji, kubadili kazi au kurudi chuo. Hapigi kura, na hadhi yake ina sharti: awe amekaa nchini humo angalau siku 730 katika kila kipindi cha miaka 5.

Kanada ilianza kuwapima wahamiaji kwa pointi mwaka 1967. Tangu Januari 2015, watu wenye ujuzi wanaoomba ukaazi kupitia programu kuu za serikali ya shirikisho hupitia mfumo unaoitwa Express Entry. Ndani yake kuna hesabu mbili za pointi, na asiyezitenganisha anaweza kufurahia matokeo ambayo bado hayajamfikisha popote.

Hesabu ya kwanza ni ya kufuzu. Kwa mfanyakazi mwenye ujuzi anayeomba akiwa nje ya Kanada, jumla ni 100 na unahitaji 67. Tuchukue mtu wa miaka 29, asiye na mwenzi, mwenye shahada ya kwanza na uzoefu wa kazi wa miaka 3. Umri unampa 12, shahada 21, uzoefu 11. Hizo ni 44. Zilizobaki atazitafuta kwenye lugha. Akifanya mtihani wa Kiingereza wa IELTS, ule wa General Training, akapata 8 katika kusikiliza na 7 katika kusoma, kuandika na kuzungumza, anaongezewa 24 na kufika 68. Amefuzu. Akiteleza nusu alama katika kila sehemu, lugha inampa 20, jumla inakuwa 64, na mlango umefungwa. Shahada ni ileile, kazi ni ileile. Ndiyo maana namsihi kila anayeniuliza aanze na lugha kabla ya kitu kingine chochote.

Kufuzu kunakupa nafasi ya kuingiza jina lako kwenye kundi la wanaosubiri. Kuanzia hapo inatumika hesabu ya pili, yenye jumla ya 1,200, ambayo kazi yake ni kuwapanga wote waliomo kutoka wa juu hadi wa chini. Kila baada ya muda serikali hufanya droo: hutangaza pointi za kukatia, na waliofikia kiwango hicho hupokea mwaliko wa kuomba ukaazi. Jina linaweza kukaa humo miezi 12 bila mwaliko wowote.

Yule mtu wetu wa 68, akipimwa kwa hesabu hii, anapata 110 za umri, 120 za shahada, 124 za lugha, na 75 nyingine kwa kuwa lugha nzuri huongeza thamani ya elimu na uzoefu wake. Jumla 429. Droo zote za jumla za mwaka 2024 zilikatia juu ya 500. Kwa hiyo amefuzu kabisa, lakini hangealikwa katika droo hizo.

Afanye nini? Njia yenye uzito kuliko zote ni uteuzi wa jimbo. Majimbo huchagua watu wanaohitajika kwao, na anayeteuliwa kupitia Express Entry huongezewa pointi 600 kwa mkupuo. Njia nyingine ni Kifaransa. Tangu 2023 zipo droo za makundi maalumu, wakiwemo wanaojua Kifaransa na wafanyakazi wa afya, na zile za Kifaransa zimewahi kukatia chini ya 400. Kungoja tu hakusaidii, kwa sababu umri unakula pointi: miaka 30 inakushusha hadi 105, miaka 40 hadi 50, na ukifika 45 huna kitu upande huo.

Mwaliko ukija, una siku 60 za kutuma maombi kamili. Ni chache kuliko zinavyosikika. Unatakiwa cheti cha polisi cha tabia njema kutoka kila nchi uliyoishi miezi 6 mfululizo au zaidi ndani ya miaka 10 iliyopita, na kipo cha nchi moja kitakachochukua wiki nyingi. Kuna pia barua ya mwajiri, ambayo wengi huidharau. Iwe na nembo ya ofisi na sahihi, na ioneshe tarehe, saa za kazi kwa wiki, mshahara na majukumu yako hasa. Cheo peke yake hakitoshi; afisa husoma majukumu na kuyalinganisha na maelezo rasmi ya kazi uliyoitaja. Mtu akikushauri utengeneze barua ya kazi ambayo hukuifanya, mkimbie. Ukigundulika unafungiwa kuomba kwa miaka 5, na anayefungiwa ni wewe. Kuunda wasifu kwenye Express Entry hakulipiwi chochote serikalini. Ada za maombi huja baada ya mwaliko, kwa hiyo ajenti anayedai "ada ya serikali" ili jina lako liingie tu anakudanganya.