Seva Mbili, Kumbukumbu Moja: Dhana Potofu Kuhusu Kuchuja Barua Taka

Wiki iliyopita, katika ofisi moja ya uwakala wa forodha iliyo karibu na bandari ya Tanga, nilielezwa kwa mara nyingine jambo ambalo nimekwisha kulisikia Chumbageni na Ngamiani hadi nimelikariri: kwamba barua pepe taka zikizidi, dawa ni kununua seva ya pili, kunakili SpamAssassin, programu ya kuchuja barua hizo, kutoka katika ile ya kwanza, na kuziacha zichuje kila moja kivyake, kwa kuwa machujio mawili hushinda moja.

Hayashindi. Seva ya pili huongeza nguvu ya kuchambua barua nyingi kwa wakati mmoja, lakini haiongezi ujuzi hata kidogo. Sehemu yake ya Bayes, inayokisia taka kutokana na maneno yaliyomo katika barua, hujua kile ilichofundishwa tu, na kwa kawaida haitoi alama yoyote kabla ya kufundishwa barua taka 200 na barua halali 200. Nakala ya kanzidata yake hufanana na ya awali siku ya kwanza. Kuanzia siku ya pili kila seva hujifunza kutokana na barua zilizoiangukia yenyewe, na baada ya miezi michache unakuwa na mahakimu wawili wasiosoma sheria moja. Mhasibu wa ofisi ile alinionyesha ankara mbili za mtumaji mmoja, zenye maneno yaleyale isipokuwa tarehe: ya asubuhi ilipita kwa alama 2.7, ya jioni ikatupwa kwa alama 5.4, ilhali kizingiti cha kuhesabiwa taka ni 5. Vichwa vya barua vilieleza yote, kwani seva moja iliandika BAYES_50, yaani haina uhakika, na nyingine BAYES_99, yaani ina hakika kwamba ni taka.

Tiba ni kuweka Bayes katika kanzidata moja inayosomwa na seva zote, iwe MySQL, PostgreSQL, au Redis kwa toleo la 3.4.0 la SpamAssassin na yaliyofuata. Hapo ndipo wengi hujikwaa tena, kwa sababu kanzidata ya SQL hutenganisha mafunzo kwa jina la mtumiaji: ukifundisha kama root, yaani msimamizi mkuu wa mashine, huku barua zikichunguzwa kwa jina la mtumiaji mwingine, mafunzo yako yote hukaa katika safu asiyoisoma mtu. Fungua jedwali la bayes_vars, linalohifadhi majina hayo, uyahesabu. Ukikuta zaidi ya moja bila ya kukusudia, umeupata ugonjwa. Mimi huweka bayes_sql_override_username, inayolazimisha jina moja kwa wote, kabla ya kufundisha barua hata moja, huzima bayes_auto_expire, yaani ufutaji wa kujiendesha, kisha huagiza seva moja tu ifute maneno yaliyochakaa usiku, na sijali nikiitwa mkaidi.

Wapo wanaosema kwamba inatosha kuweka faili za Bayes katika folda ya NFS, inayoshirikiwa na mashine kadhaa kupitia mtandao. Faili hizo hazikukusudiwa kugombewa na mashine kadhaa kupitia mtandao, kwa hiyo zinaweza kuharibika au foleni ikakwama.

Wengine huogopa kwamba kanzidata ya pamoja ikizimika barua zote zitasimama. Kinachokosekana ni alama za Bayes tu. Kanuni nyingine na orodha za DNS za watumaji wanaojulikana kwa taka huendelea kama kawaida.

Wapo pia wanaodhani kwamba seva ya akiba ya MX, inayopokea barua ile kuu isipopatikana, haihitaji chujio kwa kuwa haitumiki sana, ingawa watuma taka wengi huitafuta hiyo kwanza, wakijua kwamba mlango wa uani aghalabu hauna komeo.

Na kwa wanaotumia utaratibu wa kumsubirisha mtumaji mgeni, unaokumbuka anwani ya IP, mtumaji na mpokeaji, orodha hiyo nayo ni lazima iwe ya pamoja. Isipokuwa hivyo, barua ambayo mwenye mzigo anaisubiri bandarini hubisha hodi kwenye seva ya kwanza, huambiwa irudi baadaye, hurudi kupitia seva ya pili ambayo haijapata kuiona, na huambiwa maneno yaleyale.