Je, wajua umeme wa radi hupimwaje?

Radi haina miadi. Unaweza kufunga vifaa vya bei mbaya juu ya mnara, ukangoja masika mawili matatu, halafu yenyewe ikaenda kuupasua mwembe wa jirani. Anayetaka kujua radi hubeba umeme kiasi gani lazima aweke kipimo palepale itakapopita, na radi haimwambii mtu itapita wapi. Njia waliyoipata watafiti inasikika kama wazimu: huiita ishuke.

Hutumia roketi ndogo, urefu wake kama mita 1, inayopanda ikiburuta waya mwembamba wa shaba. Mwisho wa chini wa waya umefungwa kwenye mtambo wa kurushia, na mtambo umeunganishwa na ardhi. Mwaka 1960 watafiti wa Marekani walifanikiwa kwa mara ya kwanza wakirusha kutoka melini, katika maji ya Florida. Mwaka 1973 Wafaransa wakaiteremsha nchi kavu, huko Saint-Privat d'Allier. Tangu 1993 kazi nyingi ya aina hii imefanyika Camp Blanding, kambi ya jeshi kaskazini mwa Florida, ambako Martin Uman na Vladimir Rakov wa Chuo Kikuu cha Florida waliongoza utafiti kwa miaka mingi.

Kwa nini roketi, na si mlingoti mrefu tu? Chini ya wingu la radi kila kitu kilichochongoka, iwe jani au nguzo, huvujisha chaji hewani taratibu. Chaji hizo hutanda kuzunguka kilele na kukikinga na nguvu ya wingu. Roketi haizipi nafasi hiyo. Hupanda kwa mita 150 hadi 200 kwa sekunde, hivyo huziacha nyuma kabla hazijatanda. Ikifika mita 200 au 300 juu, kwenye ncha yake huchomoza mchirizi wa umeme unaojipandia wenyewe hadi winguni. Naam, radi hii huanzia chini. Mkondo wa ampea mia kadhaa hupita kwa sehemu ya sekunde, na waya wa shaba hugeuka mvuke. Mkondo hukatika kidogo, kisha ndani ya njia ileile ya hewa iliyoungua hushuka mapigo yenyewe, moja baada ya jingine, kila moja likifikia mara nyingi ampea 10,000 hadi 15,000.

Kurusha hakufanywi kwa kubahatisha. Siku ya anga tulivu, uga wa umeme karibu na ardhi huwa kama volti 100 kwa mita. Wingu la radi likikaa juu ya kambi, hupanda hadi volti elfu kadhaa kwa mita, na hapo ndipo roketi huondoka. Hata hivyo nyingine hupanda na kuanguka bila radi yoyote.

Sasa kipimo chenyewe. Kanuni yake ni ile ya Ohm ya kidato cha pili: volti ni sawa na mkondo mara ukinzani. Kati ya mtambo na ardhi huwekwa kipande cha chuma chenye ukinzani mdogo mno, kama mili-omu 1. Zikipita ampea 15,000, kati ya ncha zake mbili huonekana volti 15 tu, zaidi kidogo ya zile za betri ya gari. Kiasi hicho oskiloskopu, kifaa kinachochora volti zinavyopanda na kushuka, hukisoma bila shida.

Mtego uko kwenye kasi. Pigo hufikia kilele chake katika muda usiozidi sehemu moja ya milioni ya sekunde, na kwa chembe ya muda huo mkondo unaweza kuwa unapanda kwa kiwango cha ampea 100,000 kwa kila mikrosekunde. Kwa mpando huo, hata sentimita 1 ya waya wa kawaida huzalisha volti kama 1,000 kwa sababu ya usumaku wake peke yake. Zile volti 15 unazozitafuta zingemezwa zote. Kwa hiyo kipande hicho huundwa kama mirija miwili, mmoja ndani ya mwingine: mkondo huenda kwa huu na kurudi kwa ule, na sumaku zao hufutana. Kwa maoni yangu kifaa hiki kisichong'aa ndicho chenye akili kuliko roketi.

Kutoka hapo kipimo hakisafiri kwa waya. Ukivuta waya hadi chumba cha wataalamu umeikaribisha radi ndani. Ishara hubadilishwa kuwa mwanga na kupitishwa kwenye faiba, ambayo haipitishi umeme, hadi kwenye vifaa vilivyo ndani ya chumba kilichofunikwa kwa chuma pande zote.

Radi ikishapatikana kwa kuitwa, mengi hupimwa pembeni yake. Nyaya za umeme za majaribio, vizuia radi na mifumo ya ethi vimewekwa Camp Blanding vikapigwa makusudi. Mwaka 2003 Joseph Dwyer na wenzake walichapisha ushahidi kwamba radi za roketi hutoa mionzi mikali ya aina ya eksirei. Na katika mchanga wa huko Florida wamechimbua mizizi ya kioo iliyoyeyushwa na radi, mmoja ukiwa na urefu wa mita 5 hivi.

Kuna kitu kimoja tu ambacho radi hii haina. Mapigo yake hufanana na yale ya pili, ya tatu na kuendelea katika radi ya asili, ila lile pigo la kwanza, ambalo kwa wastani hufikia ampea 30,000 hivi, halimo. Nafasi yake imechukuliwa na ule mkondo mdogo ulioyeyusha waya. Kwa pigo hilo wahandisi bado hutegemea sana vipimo vya Karl Berger, Mswisi aliyefunga vifaa kwenye minara juu ya mlima San Salvatore katika miaka ya 1940 akakubali kungoja, na kuendelea kungoja hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970.