Ganzi ya dawa za saratani ni nini?

Mgonjwa amemaliza dripu ya tatu au ya nne, amerudi nyumbani Makete mwezi wa Julai, na vidole vya miguu vimekufa ganzi. Nyumbani wanasema ni baridi. Kwa Makete ya Julai, huwezi kuwalaumu. Lakini ganzi ya baridi huisha mtu akiota moto, na hii haiishi.

Madaktari huiita niuropathi: kuumia kwa mishipa ya fahamu, hapa kwa sababu ya tibakemikali, yaani dawa za kuua seli za saratani. Haisababishwi na dawa zote. Zinazojulikana zaidi ni paclitaxel, vincristine, cisplatin na oxaliplatin.

Paclitaxel na vincristine huua seli za saratani kwa kuvuruga vijimirija vidogo mno ambavyo seli huvihitaji ili igawanyike. Mshipa wa fahamu nao una vijimirija hivyo, ila wenyewe huvitumia kama reli ya kusafirishia mahitaji yake kutoka karibu na uti wa mgongo hadi ncha ya kidole. Reli ya TAZARA itokayo Dar es Salaam ikiharibika Mlimba, katikati ya njia, Dar es Salaam hawaoni kitu. Wanaokosa mzigo ni Makambako na Mbeya. Ndivyo ilivyo mwilini. Mishipa ya miguuni ndiyo mirefu kuliko yote, kwa hiyo ganzi huanzia vidole vya miguu, ikapanda, kisha mikono ikafuata. Wengine husikia kuchomwachomwa kama sindano, au nyayo kuwaka moto.

Cisplatin ina tabia ya kushtua: ganzi inaweza kuzidi kwa miezi kadhaa baada ya dripu ya mwisho. Hiyo peke yake haimaanishi saratani imerudi.

Oxaliplatin, inayotumika sana kwa saratani ya utumbo mpana, haipatani na baridi. Siku chache baada ya dripu, kushika maji ya bomba asubuhi kunaweza kuuma kama kupigwa shoti, na maji baridi yakapita kooni kama yanakaba. Huku kwetu nyanda za juu, mgonjwa huyo apashiwe maji na avae glavu na soksi.

Ila asikalishwe karibu na jiko la mkaa. Hili ndilo linalonitia hofu kuliko yote, kwa sababu mguu wenye ganzi huungua bila mwenyewe kujua. Akaguliwe nyayo kila jioni.

Wagonjwa wengi hunyamaza wakiogopa kunyimwa dawa. Daktari akijua mapema anaweza kupunguza dozi, kuahirisha dripu inayofuata au kubadili dawa, na maumivu yana dawa yake, duloxetine. Aambiwe pia kama mgonjwa ana kisukari, VVU au anameza dawa za TB, maana hivyo navyo huweza kuumiza mishipa hiyo hiyo.

Dalili ya kumweleza daktari si lazima iwe maumivu. Kushindwa kufunga vifungo vya shati inatosha, au kutembea hatua kumi ndala ikiwa imebaki nyuma bila wewe kujua.