Je, wajua kwa nini mkutano wa bahari haufai kuitishwa saa 4 asubuhi?

Fika soko la samaki la Feri, Dar es Salaam, kabla jua halijapanda, utakuta mnada umepamba moto. Dalali anapaza sauti juu ya fungu la vibua, akina mama wachuuzi wamekaa na ndoo zao wakisubiri bei ilegee, na upande wa wakaangaji mafuta yameshaanza kuchemka. Uliza hapo bahari ni ya nani, wengi watakujibu ni ya Mungu. Jibu zuri, ila halimsaidii mtu siku boti mbili zinapogombea mwamba mmoja.

Kwenye makaratasi majibu yapo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari, uliotiwa saini Montego Bay, Jamaika, Desemba 1982, unaipa nchi ya pwani mamlaka hadi maili 12 za baharini, na haki ya samaki na mali nyingine hadi maili 200. Tanzania iliuridhia mwaka 1985. Jaji Joseph Warioba, huyu huyu tunayemjua kwa rasimu ya katiba, aliongoza tume ya kuandaa vyombo vya mkataba huo, kisha akawa jaji katika mahakama ya bahari iliyoko Hamburg. Kuhusu bahari kuu, nje ya mamlaka ya nchi yoyote, mkataba mwingine ulipitishwa mwaka 2023 na kuanza kutumika Januari 2026. Humo imo hoja ambayo nchi maskini ziliipigania kwa miaka: faida itokanayo na vinasaba vya viumbe vya huko isiishie kwa wenye maabara tu.

Sawa. Lakini mwenye ngarawa wa Kunduchi hafiki maili 200. Kwake bahari inaishia pale upepo unapomruhusu, na hapo ndipo haki inapokuwa ngumu, kwa sababu sheria moja haimgusi kila mtu sawasawa.

Chukua msimu wa kusi. Upepo unavuma kwa nguvu, bahari inachafuka, na mwenye chombo kidogo analazimika kubaki karibu, kwenye miamba na visiwa. Mwenye boti ya mashine anakwenda mbali zaidi. Sasa funga eneo la karibu. Kwa maandishi umewazuia wote wawili, kwa vitendo umemzuia mmoja. Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini, visiwa na mafungu ya kaskazini ya jiji, ni maeneo tengefu, na sababu za kuyalinda ni za kweli: matumbawe yakifa, samaki hawana pa kuzalia wala pa kujificha. Hata hivyo, mvuvi aliyezuiwa kutupa nyavu huku akitazama boti za watalii zikienda huko huko ana haki ya kuuliza kiingilio kile kinarudi vipi kijijini kwake. Kuuliza hivyo si kupinga hifadhi.

Kuna sababu nyingine ya kumshirikisha mvuvi, isiyo ya huruma hata kidogo. Uvuvi wa baruti ulipigwa marufuku tangu mwaka 1970, lakini kwa miongo kadhaa baadaye watu wa mwambao wa Dar waliendelea kusikia milio. Ulipungua sana baada ya vyombo vya dola kukaza kamba katikati ya miaka ya 2010, na sifa hiyo wapewe. Ila doria haiwezi kulala kila ufukwe. Anayejua nani kanunua baruti ni jirani yake, na jirani hasemi kama anaiona sheria kuwa ya wageni. Ndiyo maana Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 ikaruhusu vikundi vya wanajamii kusimamia uvuvi kwenye fukwe zao, vile ambavyo kila mtu anaviita BMU.

Je, kikundi kikiwepo, kila mtu ameshirikishwa? Hapa lugha yetu yenyewe inatutega. Tukisema “mvuvi” tunamwona mwanamume mwenye chombo na nyavu. Mwanamke anayeshuka kwenye mwamba kwa miguu maji yakipwa, akichokoa pweza kwa kijiti, tunasema “ameenda pwani”. Hana chombo cha kusajili, basi kwenye orodha ya wavuvi hayumo, ingawa pweza wake wanauzwa bei nzuri kuliko vibua.

Na pweza ndiye anayeonyesha vizuri gharama ya kumsahau mwanamke huyo. Mnyama huyu hukua haraka mno na haishi muda mrefu, kwa hiyo mwamba ukipumzishwa miezi michache tu, wanaotoka ni wakubwa. Andavadoaka, Madagaska, walianza mwaka 2004. Kwetu imejaribiwa Mafia na Songosongo. Lakini siku ya kufungua, mwenye mtumbwi na miwani ya kuzamia hufika kina kirefu mapema, wakati aliyeacha kwenda mwambani miezi yote ile anasubiri maji yashuke. Kama hakuwepo siku ya kupanga, nani angesema afunguliwe kwanza upande wa maji mafupi?

Mara nyingi hakuwepo, na wala hakufukuzwa na mtu. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji ya pwani yetu hukauka kabisa mnamo saa 4 au saa 5 asubuhi. Na barua za mwaliko, kama ujuavyo, huandikwa “saa 4:00 asubuhi, bila kukosa”. Wanaume wa usiku wamesharudi, wameuza, wanakaa kwenye viti. Yeye yuko mwambani, kijiti mkononi. Siku za maji mafu, yasipokauka hivyo, angekuja.